Hiram Maxim, fundi wa bombomu, na wazee wetu wa Mahenge

Hotuba kwa wanafunzi wa ufundi na wa historia, Iringa

Kamwene!

Mwenyekiti wetu, walimu wenzangu, wazee mlioacha shughuli zenu mkaja kukaa nasi, na ninyi vijana ambao hasa ndio niliowajia: asanteni kwa kunikaribisha.

Niliombwa nizungumze juu ya mvumbuzi mmoja ambaye kazi yake imegusa maisha ya watu wetu, nimchague mwenyewe. Nadhani wengi mlitegemea mtu wa simu, wa umeme au wa chanjo. Nimemchagua Hiram Stevens Maxim, Mmarekani aliyehamia Uingereza akaunda bunduki ya kwanza ya rashasha iliyojiendesha yenyewe, ile ambayo babu zetu waliiita bombomu.

Sababu yangu ni hii. Shuleni tunajifunza Mkwawa wa Wahehe, Kinjikitile wa Majimaji, Koitalel wa Wanandi na Mwanga wa Buganda. Tunajifunza pia majina ya Wajerumani na Waingereza waliopambana nao. Lakini mtu ambaye kazi ya mikono yake ilikuwapo katika vita vyao wote, jina lake halimo. Asipokuwemo, simulizi linabaki na tundu, na tundu hilo tumezoea kuliziba kwa maneno yasiyowatendea haki wazee wetu: walikuwa washirikina, walikimbilia risasi kwa ujinga, waliamini maji. Leo nataka tulitazame tundu hilo kwa macho ya fundi.

Maxim alizaliwa tarehe 5 Februari 1840 huko Sangerville, jimbo la Maine, pembe ya kaskazini-mashariki ya Marekani. Shule hakusoma sana. Akiwa na miaka 14 alipelekwa kwa fundi wa magari ya farasi kujifunza kazi, na tangu hapo elimu yake ikawa ya mikono: mbao, rangi, chuma, michoro. Baadaye akaingia karakana ya mjomba wake huko Fitchburg, Massachusetts.

Katika ujana wake kuna kitu kimoja kidogo ambacho mimi nakiona kikubwa. Kwenye kinu cha nafaka panya walikuwa wengi. Mtego wa kawaida unanasa panya mmoja, kisha unakaa hivyo hivyo mpaka mtu aje kuutega upya. Maxim akaunda mtego wenye springi ya kujaza kama ya saa. Ukishamnasa panya wa kwanza unajitega wenyewe kumngoja wa pili. Wanafunzi wa ufundi, wekeni wazo hilo akilini: chombo kinachomaliza kazi yake na kujiandaa chenyewe kwa kazi inayofuata, bila mkono wa mtu. Nitalirudia.

Mtu huyu alikuwa na kipaji cha ajabu na hakuchagua pa kukipeleka. Alitengeneza mashine za taa za gesi na chuma cha kukunjia nywele. Alibuni mfumo wa kuzima moto kiwandani, unaofungua maji wenyewe moto unapowaka na kupeleka taarifa kwa wazimamoto. Akazunguka kuuza wazo hilo na hakupata wanunuzi. Hebu fikirini: mfumo wa kuokoa watu na mali, na hakuna mwenye haja nao.

Kisha akaingia kwenye umeme. Mwaka 1878 akawa mhandisi mkuu wa kampuni ya United States Electric Lighting, mshindani wa Thomas Edison. Na hapa naomba nichepuke kidogo, maana kuna jina ambalo vijana wetu wanapaswa kulijua. Katika kampuni hiyo aliajiriwa mchoraji wa mitambo Mwafrika-Mmarekani, Lewis Latimer, mtoto wa wazazi waliotoroka utumwa. Latimer ndiye aliyechora michoro ya hataza, yaani hati ya haki ya mvumbuzi, ya simu ya Alexander Graham Bell mwaka 1876. Akiwa kwenye kampuni ya Maxim alibuni njia bora ya kutengeneza nyuzi za kaboni zinazowaka ndani ya taa, akasimamia ufungaji wa taa za umeme katika miji kadhaa mikubwa. Yaani karakana ile ilikuwa inatoa mwanga, na mmoja wa waliouleta ni mtoto wa watu waliokuwa watumwa. Laiti Maxim angebaki kwenye taa, leo hotuba yangu ingekuwa nyingine kabisa.

Hakubaki. Mwaka 1881 alikwenda Paris kwenye maonyesho makubwa ya umeme, akapewa nishani ya Ufaransa. Na yeye mwenyewe alisimulia kwamba mwaka 1882, akiwa Vienna, alikutana na Mmarekani mwenzake aliyemshauri aachane na umeme na kemia. Ukitaka fedha nyingi, alimwambia, buni kitu kitakachowawezesha hawa Wazungu kukatana makoo kwa urahisi zaidi.

Maxim alilisimulia jambo hilo bila kuona haya, na ninamshukuru kwa hilo, kwa sababu linatuonyesha mlango alioingilia. Hakuwa mwanajeshi. Hakuwa na taifa la kulitetea wala adui wa kulipiza kisasi. Alikuwa fundi hodari aliyechoka kubuni vitu ambavyo havinunuliwi, akaambiwa ni kitu gani kinanunuliwa. Akaenda London, akakodi karakana mtaa wa Hatton Garden, mtaa wa masonara na wauza almasi, akaanza kazi.

Sasa ufundi wenyewe. Naomba wanafunzi wa historia wavumilie, maana hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu.

Aliyewahi kufyatua bunduki kubwa anajua kwamba inapiga teke begani. Maxim alisema bega lake liliwahi kuvimba kwa kufyatua bunduki ya jeshi la Marekani, na akajiuliza: nguvu hii inayoniumiza, kwa nini ipotee bure? Kabla yake zilikuwapo bunduki za kurusha risasi nyingi, kama ile ya Gatling, lakini zote zilizungushwa kwa mkono. Mtu akichoka, au akizungusha vibaya, bunduki inakwama. Maxim aliamua kwamba risasi yenyewe ndiyo itakayofanya kazi.

Fuateni risasi moja. Mpiga bunduki amekaa nyuma ya mtambo, ameshika vishikio viwili, vidole gumba vyake vinabonyeza kitufe katikati. Baruti inalipuka na risasi inakwenda mbele. Mtutu pamoja na kufuli lililoufunga kwa nyuma vinasukumwa nyuma kwa pamoja, umbali mdogo tu, kama sentimita mbili. Hapo kiungo kilichokuwa kimenyooka kinavunjika, kufuli linaachana na mtutu na kuendelea kurudi nyuma peke yake. Likirudi linachomoa ganda tupu kutoka kwenye mtutu, na papo hapo linachomoa risasi mpya kutoka kwenye mkanda wa turubai uliopita kwa juu. Wakati huo springi iliyo ubavuni inavutwa. Kufuli likifika mwisho wa safari, springi inalirudisha mbele kwa nguvu, risasi mpya inaingia chemba, ganda tupu linatupwa nje, kiungo kinanyooka, na mtambo uko tayari. Ikiwa vidole gumba bado vimebonyeza, basi unalipuka tena.

Haya yote yanatokea mara 10 kwa sekunde moja. Risasi 600 kwa dakika. Mkanda wa risasi 250 unamalizika kwa sekunde 25, na mwingine unaingizwa. Mtutu ukifyatua hivyo unapata moto wa kuharibu shabaha yote, kwa hiyo Maxim aliuvika koti la chuma lenye maji, kama lita nne. Baada ya dakika chache za kufyatua mfululizo maji yanachemka na kutoa mvuke. Wapigaji walijifunza kuongeza maji kama mpishi anavyoongeza kwenye sufuria. Ule mtego wa panya wa Maine umekua mkubwa.

Hataza zake za kwanza alizichukua mwaka 1883, na hakuiachia njia yoyote ya kuiendesha bunduki kwa nguvu ya risasi bila kuiandikia hataza. Majaribio mengine aliyafanya nyumbani kwake West Norwood, kusini mwa London, na inasemekana aliwatangazia majirani wafungue madirisha, vioo visije vikapasuka. Masikio yake yaliharibika kwa kelele hizo, na uzeeni alikuwa karibu kiziwi.

Mwaka 1884 iliundwa Kampuni ya Bunduki ya Maxim, mwenyekiti wake Albert Vickers, wa familia ya watengeneza chuma wa Sheffield. Kiwanda kikawekwa Crayford, Kent. Mwaka 1888 wakaungana na kampuni ya Msweden Thorsten Nordenfelt. Wanaosoma sheria hapa wameshalisikia jina hilo: Nordenfelt aliuza biashara yake, akaahidi kutoshindana na kampuni kwa miaka 25, kisha akataka kujitoa kwenye ahadi. Kesi ikafika Baraza la Mabwana, mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati ule, mwaka 1894 na akashindwa. Kesi hiyo bado inasomwa katika sheria ya mikataba ya nchi zilizorithi sheria za Kiingereza, na zetu zimo. Wanafunzi wetu wanaikariri kama habari ya biashara tu. Biashara yenyewe ilikuwa hii. Mwaka 1897 Vickers wakainunua kampuni yote, ikawa Vickers, Wana na Maxim.

Walimuuzia nani? Kila aliyekuwa na fedha: Uingereza, Ujerumani, Urusi, na wengine wengi. Maxim mwenyewe alisafiri na mtambo wake kuuonyesha kwa wafalme na majemadari. Ujerumani ilinunua, kisha ikaanza kuitengeneza kwake. Urusi vilevile. Wazungu wale aliosikia Vienna kwamba wanataka kukatana makoo walikuwa wakijaza maghala. Lakini hawakuanza kukatana wao kwa wao. Walianza kwetu.

Mwanzoni mwa mwaka 1887, Henry Morton Stanley alipita London akijiandaa kwenda kumtafuta Emin Pasha, gavana wa Equatoria, kusini mwa Sudan. Maxim akampa bunduki moja kama zawadi. Stanley akaja Zanzibar mwezi Februari, akaajiri wapagazi zaidi ya 600, watu wa pwani yetu, waongeaji wa lugha hii tunayoiongea, akawapakia melini pamoja na Tippu Tip, mfanyabiashara mkubwa wa pembe na watumwa, wakazunguka Rasi ya Tumaini Jema hadi mdomo wa mto Congo. Bunduki peke yake, bila miguu yake na bila maji, ina uzito wa kama kilo 27. Hiyo ni kama mzigo wa mpagazi mmoja kwa kipimo cha misafara ya wakati ule. Ikafunguliwa vipande vipande, ikapita msitu wa Ituri juu ya mabega ya Wazanzibari, kwenye safari iliyowaua mamia yao kwa njaa, maradhi na mishale. Hao ndio Waafrika wa kwanza wa ukanda huu kuijua bombomu. Waliijua kwa uzito wake.

Bunduki hiyo iliyochakaa ndiyo iliyokuja mikononi mwa Lugard, ofisa wa kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, huko Buganda. Tarehe 24 Januari 1892, pale Mengo, Wakatoliki na Waprotestanti wa Buganda walipopigana, Lugard aliwaunga mkono Waprotestanti na bombomu ikafyatuliwa. Siku chache baadaye ikaelekezwa kisiwa cha Bulingugwe alikokimbilia Kabaka Mwanga. Ilikuwa inakwama mara kwa mara, na hata hivyo ilitosha kubadili mwelekeo wa nchi nzima.

Wazee wa hapa mnajua kwamba haikushinda kila mahali. Lugalo ni hapo tu, mashariki ya mji huu. Tarehe 17 Agosti 1891 Kapteni Emil von Zelewski wa jeshi la Wajerumani, ambaye watu walimwita Nyundo, alikuwa akipita na kikosi chake, na miongoni mwa mizigo zilikuwamo bunduki za rashasha na mizinga. Wahehe walijificha kwenye majani na mawe. Ishara ilipotolewa, askari waliwahi kupiga mara moja au mbili tu. Kwa muda mfupi kikosi kikawa kimekwisha, na Zelewski mwenyewe ameuawa. Bombomu zilikuwa bado mzigo. Hazikupata wakati wa kufunguliwa, kusimamishwa, kuwekewa maji na mkanda.

Hili nataka vijana mlitazame kwa makini. Wahehe wale walielewa jambo la kiufundi: mtambo huu una nguvu ukishasimama, na kabla ya kusimama ni chuma kizito tu. Walipiga katika nafasi ile ile. Hayo ni maarifa ya vita, ya kiwango cha juu. Leo pale Lugalo kuna mnara wa kuwakumbuka Wajerumani waliokufa, na watu wanapita barabarani bila kujua kwamba mahali pale bombomu ilishindwa na akili. Wajerumani walijifunza somo hilo. Waliporudi hawakupita porini kama wasafiri. Walikuja na mizinga yao imejiandaa, na tarehe 30 Oktoba 1894 ngome ya Mkwawa pale Kalenga ikaanguka.

Zanzibar nayo ina funzo lake. Watu wengi husimulia vita vya tarehe 27 Agosti 1896, vilivyokwisha kwa dakika kama 40, kana kwamba ni kichekesho. Seyyid Khalid bin Barghash na watu wake walikuwa na bombomu za Maxim ndani ya jumba la kifalme. Hazikuwafaa kitu, kwa sababu adui alikuwa baharini kwenye manowari, akipiga kwa mizinga kutoka mbali. Watu kama 500 waliuawa au kujeruhiwa upande wa jumba. Kuwa na mtambo peke yake hakukutosha. Waliokufa pale walikufa wakiwa nao.

Omdurman, Sudan, tarehe 2 Septemba 1898, nitapita haraka, kwa kuwa namba zinajieleza: wapiganaji wa Khalifa, mtawala wa Sudan, wapatao 10,000 walikufa asubuhi moja, na upande wa Waingereza na Wamisri hawakufika 50.

Sasa tufike Mahenge.

Mwaka 1905, kusini na mashariki ya nchi hii, watu wa makabila ambayo hayakuwahi kupigana chini ya bendera moja waliungana dhidi ya Wajerumani, katika vita tunavyoviita Majimaji. Kinjikitile Ngwale, mganga wa Ngarambe, alitoa dawa ya maji, iliyochanganywa na mafuta ya mbarika na mbegu za mtama, na ikaaminika kwamba mwenye dawa hiyo risasi za Wajerumani zitageuka maji mwilini mwake. Kinjikitile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti, lakini vita viliendelea bila yeye. Tarehe 30 Agosti 1905 maelfu ya wapiganaji wakaja kwenye boma la Mahenge. Ndani mlikuwa na Wajerumani wachache, askari wao, na bombomu mbili.

Walikuja mchana kweupe kwa makundi yaliyopangwa. Bombomu zikafyatuliwa. Wa mbele walianguka, wa nyuma wakapita juu yao, na wengine walifika hatua chache kutoka kwenye boma kabla ya kuanguka. Kundi la kwanza lilipovunjika, kundi jingine likaja kutoka upande mwingine, likiona wazi yaliyowapata wa kwanza. Na lenyewe likaja.

Wanafunzi wa ufundi, tupige hesabu. Mpiganaji wa Majimaji alikuwa na mkuki, au gobori. Gobori unapima baruti, unaimimina, unashindilia, unatia risasi, unashindilia tena, unaweka fataki. Ukiwa hodari unapata mapigo mawili au matatu kwa dakika. Kukimbia mita 500 ukiwa na silaha, kwenye nyasi na mteremko, kunachukua dakika mbili na zaidi. Katika dakika hizo mbili bombomu mbili, kwa hesabu ya karatasi, zinarusha risasi 2,400. Punguza nusu kwa ajili ya kubadili mikanda na kukwama. Bado ni risasi 1,200. Nani katika dunia hii, mwenye dawa au asiye na dawa, angevuka?

Hilo ndilo swali ambalo vitabu vyetu havikuuliza. Tulifundishwa kwamba walikufa kwa sababu waliamini maji. Walikufa kwa sababu mtu mmoja huko Hatton Garden aligeuza teke la bunduki kuwa mtambo. Imani ya maji iliwaunganisha na kuwapeleka pale. Aliyewaua ni Maxim, pamoja na waliomnunua.

Na kama bado kuna anayewaona wajinga, nitamwonyesha watu wengine.

Tarehe 1 Julai 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, kwenye mto Somme, Ufaransa. Ni karibu miaka 11 baada ya Mahenge. Wapiganaji safari hii ni Waingereza, taifa ambalo Maxim aliingia uraia wake na ambalo lilimpa heshima ya kuitwa Sir mwaka 1901. Majemadari wao waliijua bombomu kuliko mtu yeyote duniani. Wao ndio walioipeleka Omdurman. Mbele yao Wajerumani walikuwa na bunduki ya MG 08, ambayo ni Maxim ile ile, iliyotengenezwa Ujerumani. Majemadari walipiga mizinga kwa siku saba, makombora zaidi ya milioni moja na nusu, wakaamini kwamba hakuna Mjerumani atakayekuwa amebaki hai wala waya utakaokuwa umesimama. Hiyo ilikuwa imani yao. Wakawaambia vijana wao wengi watoke kwenye mahandaki watembee, kwa mistari, na mizigo mgongoni. Wajerumani walikuwa wamejichimbia chini sana. Mizinga iliponyamaza wakapanda juu na kuzisimamisha bombomu zao.

Siku hiyo moja Waingereza 57,470 waliuawa, walijeruhiwa au walipotea. Waliokufa ni 19,240.

Na mistari ya nyuma, iliyoona yaliyowapata wa mbele, nayo ikatoka.

Mahenge waliitwa washirikina. Somme waliitwa mashujaa, wakajengewa minara, na kila mwaka maua yanawekwa. Mimi nasema ni mashujaa, wote, wa kule na wa huku. Na nasema kwamba kama kuna wa kulaumiwa kwa kutojua mtambo ule unafanya nini, basi lawama ya majemadari wa mwaka 1916, waliokuwa na bombomu hiyo ghalani kwa miaka 27, ni nzito kuliko ya wakulima wa Wambunga na Wapogoro. Mpiganaji wa Mahenge alikuwa na udhuru ambao jemadari wa Somme hakuwa nao.

Niseme kidogo juu ya upande wa pili wa Maxim, kwa sababu haki inanidai hivyo. Fedha za bunduki alizitumia kujaribu kuruka. Huko Baldwyn's Park, Kent, alijenga ndege kubwa ya mvuke, upana wa mabawa zaidi ya mita 30, uzito wa kama tani tatu na nusu, injini mbili. Tarehe 31 Julai 1894 ikakimbia juu ya reli zake, ikanyanyuka kwa nguvu hata ikavunja reli ya juu iliyowekwa kuizuia, ikaharibika. Hiyo ni miaka tisa kabla ya akina Wright, ndugu wawili wa Marekani waliorusha ndege ya kwanza ya injini. Hakuiendeleza ikafika mbali.

Uzeeni alishikwa na maradhi ya kifua, akabuni kifaa cha kuvuta mvuke wa dawa ili kupumua, akakiita Kiko cha Amani. Watu wa sayansi wakamkemea kwamba anajishushia hadhi kwa dawa za mitaani. Jambo hilo lilimuuma. Aliandika kwamba inaonekana kubuni mashine ya kuua ni heshima kubwa, na kubuni chombo cha kupunguza mateso ya watu ni fedheha. Maneno hayo ni ya mtu aliyeona wazi dunia yake ilivyo. Lakini aliona akiwa mzee, na bunduki zilishasambaa.

Alifariki London tarehe 24 Novemba 1916. Vita vya Somme vilikuwa vimemalizika siku sita kabla.

Mtambo wake haukufa naye. Bunduki ya Vickers, mtoto wa Maxim, ilitumiwa na jeshi la Uingereza hadi mwaka 1968. Ile ya Kirusi ya mwaka 1910, yenye magurudumu, imeonekana ikifyatuliwa tena Ukraine katika vita vilivyopamba moto tangu mwaka 2022. Mwanawe, Hiram Percy Maxim, alibuni chombo cha kunyamazisha mlio wa bunduki; baba aliyepoteza masikio kwa kelele, mtoto akatafuta dawa yake.

Vijana wa ufundi, wengi wenu mtabuni vitu. Mtakutana na mtu wenu wa Vienna. Atakuja na mkataba mzuri, na vitu vyenu vya kuzima moto vitakuwa havinunuliwi. Mnisamehe kwa kuwatazama machoni ninaposema hivi, lakini nimefundisha karakana muda mrefu na najua jinsi kipaji kinavyochoka kikikosa mnunuzi.

Vijana wa historia, ninyi nina kazi ya kuwapa. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakati huo kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, walikwenda vijijini kusini kuwauliza wazee habari za Majimaji, na wakaandika. Wengi wa wazee wale walikuwa watoto vita vilipopiganwa. Sasa hawapo. Wajukuu wao wapo, na baadhi wamekaa humu ndani. Likizo hii nendeni Mahenge, Kilosa, Liwale, Songea. Msiulize tena kama babu aliamini maji, hilo limeshaandikwa. Ulizeni bombomu ilisimamishwa wapi, ilisikika kwa umbali gani, nani aliibeba, nani aliibebea maji, na watu walipoielewa walibadili namna gani ya kupigana. Mkirudi, leteni ramani, na wenzenu wa ufundi wawasaidie kupima umbali na mteremko.

Nimemaliza. Mwenye swali anyooshe mkono, na wazee watangulie.